Nusu Kijiko

Asubuhi ile niliondoka nyumbani kwa dada yangu ukungu ukiwa bado bondeni, bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimeondoka hivyo mara nyingi maishani. Niliacha shule nikiwa darasa la nne. Niliacha Rubaya, ambako nilibeba mawe ya madini kwa kichwa. Niliacha Bweremana, ambako nilijaribu kuvua nikashindwa na baridi ya ziwa. Kila mara niliondoka kwa sababu nilitaka kuona kilichoko nyuma ya kilima kinachofuata. Mara hii sikutaka kuona kitu. Nilitaka tu nisionekane.

Ndani ya mfuko wangu mlikuwa na shati moja, kisu, vipande vya muhogo wa kuchoma, na chupa ya dawa iliyobaki nusu. Chupa haikuwa yangu. Nilikuwa nimeitoa chini ya kitanda cha dada wakati amelala, na kila nilipokanyaga, dawa ilitikisika mgongoni mwangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa milimani, upande wa Muheto, kwa watu wanaolima maharage na muhogo. Mume wake alikuwa mpasua mbao. Aliingia msituni Jumatatu na kurudi Jumamosi. Mimi nilikuwa nimefika kwao kwa siku mbili nikakaa miezi miwili. Dada alinilisha maharage yake bila kuniuliza nitaondoka lini, nami nililipa kwa habari: namna watu wa ziwani wanavyokausha samaki, namna mawe ya Rubaya yanavyooshwa mtoni mpaka yabaki meusi. Alipenda kusikiliza. Hakuwahi kufika mbali zaidi ya soko.

Alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu aliniambia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, tukipukuchua maharage uani. Hakuinua macho.

"Mudogo yangu, niko na kitu. Lakini usikiseme hata mbele ya kuku."

Kwetu mimba changa haitajwi. Si kwa sababu ya aibu. Mimba iliyotajwa imekwisha kuonekana, na iliyoonekana inaweza kumtia mtu wivu, na mwenye wivu anaweza kuifanya lolote. Basi mwanamke hufunga nguo yake legelege, na watu wa nyumbani husema tumbo linamsumbua, mpaka siku tumbo litakapojisema lenyewe. Hata mama mkwe wake, aliyeishi nyumba ya pili katika ua ule ule, alijua na kujifanya hajui.

Lakini dada alikuwa anadhoofika. Akiinuka, alishika ukuta kwanza. Midomo yake kwa ndani ilikuwa imepauka kama nyama ya samaki iliyooshwa mara nyingi. Alikuwa akila udongo wa kichuguu, ameuficha ndani ya pindo la nguo, akidhani sioni. Mke wa mwalimu alikuwa amemwambia sokoni kwamba dispansere, zahanati ya shamba la pareto, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu, ina vidonge vyekundu vinavyowaongezea damu akina mama wenye mimba. Akataka niende nikamletee.

"Nitasema ni vya nani?"

"Vya muntu yeyote. Wewe unajua kusema. Shule walikufukuza kwa sababu ya kusema."

"Hawakunifukuza. Niliacha."

"Ndiyo, uliacha. Mwalimu aliposikia, alilala usingizi muzuri." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Lakini usinitaje. Ukinitaja, vidonge hivyo umeze wewe."

Nilikwenda. Wazungu wa shamba walikuwa wameondoka, na kabati la dispansere lilikuwa tupu zaidi ya nusu. Aliyebaki ni mganga mmoja, mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Akina mama walikuwa wamepanga mstari mrefu, na wawili kati yao niliwatambua. Walikuwa wa mlima wetu. Zamu yangu ilipofika nilisema nataka vidonge vyekundu vya shemeji yangu, mpasua mbao, ambaye kizunguzungu kinamsumbua.

"Vidonge vyekundu viko vya wamama wenye mimba," mganga alisema. "Viko kidogo sana. Kila mama anakuya yeye mwenyewe, ninamuangalia macho, ninamupima, ninamuandika. Shemeji yako iko na mimba?"

Wanawake wote wakacheka. Mmoja akasema, "Papa, ukimupima tuite, tuone."

Mganga hakucheka nao. Aliinamisha kichwa kunitazama juu ya miwani, akashusha sauti.

"Kama nyumbani iko mama mwenye mimba, sema. Umulete hata kesho. Sitakuuliza neno lingine."

Niliwatazama wale wawili wa mlima wetu. Walikuwa wamenyamaza ili wasikie.

"Hakuna, Papa," nikasema.

Akafungua kabati, akatoa chupa ya rangi ya kahawia. Dawa ya nguvu, alisema. Vijiko viwili kabla ya kula, asubuhi na jioni, kwa mwanaume anayefanya kazi nzito. Kisha akashika chupa bila kuiachia, mkono wangu ukiwa tayari juu yake.

"Mama mwenye mimba asiiguse."

Mimi sijawahi kusikia neno kama hilo nikanyamaza. Niliuliza kwa nini. Nadhani alifurahi kuulizwa, kwa kuwa aliweka chupa chini, akanieleza polepole kama mwalimu. Ndani yake mna pombe, na mna ganda la mti, ule ule unaotoa dawa ya malaria. Ganda ni chungu. Linampa mwanaume hamu ya kula. Lakini kwa mwenye mimba linaweza kukamata tumbo, na anayebebwa ndani akatoka kabla ya wakati wake. "Linakamua," alisema, na akaikunja mikono yake hewani kama mtu anayekamua nguo iliyofuliwa. Mikono ile ninaiona mpaka leo. Siwezi kusema kwamba sikujua. Nilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye mstari ule, kwa sababu ni mimi niliyeuliza.

Njiani kuna kijito, na juu yake gogo la kuvukia. Nilikaa juu ya gogo hilo na kufanya hesabu. Vijiko viwili ni vya mpasua mbao. Kijiko kimoja basi ni cha mwanaume wa kawaida. Mwanamke apewe nusu. Nusu kijiko kinaweza kukamua nini? Hata leso hakiwezi. Halafu nilimkumbuka dada akishika ukuta, na jinsi atakavyokuwa amesimama mlangoni ananingojea. Kufika mikono mitupu baada ya kula maharage yake miezi miwili kulinishinda. Mtu aliyesoma angeogopa dawa ile. Mtu asiyesoma kabisa angemtii mganga. Mimi nilikuwa katikati, najua kiasi cha kujidanganya.

Alikuwa amesimama mlangoni kweli.

"Vidonge viko wapi?"

"Vimekwisha. Ametoa hii. Iko na nguvu kupita vidonge. Nusu kijiko, asubuhi tu."

"Muganga mwenyewe njo alisema nusu?"

"Yeye mwenyewe njo alisema."

Alionja, akakunja uso kwa uchungu, kisha uso ukamfunguka, kwa sababu chini ya uchungu kulikuwa na utamu wa divai. Siku ya pili mashavu yake yalikuwa na joto. Siku ya tatu alikuwa anaimba akiosha vyungu. "Damu inarudi," aliniambia. "Ninaisikia ndani ya masikio." Nami nilifurahi, tena nilijivuna, nilikuwa nimepata kipimo ambacho mganga mwenyewe hakukijua. Niliona pia kwamba dawa ndani ya chupa inashuka upesi kuliko nusu kijiko kwa siku. Sikusema neno. Nilijiambia kwamba mwili wake unajua unachotaka.

Katika siku hizo hizo alikuwapo mtu mwingine aliyekuwa anamwongezea dada yangu damu, na hatukumwona. Ni mjane mmoja, jirani, aliyekaa chini ya shamba la migomba. Kila baada ya siku mbili alipanda na kikapu cha lengalenga, majani mabichi, wakati mwingine na samaki wadogo wakavu waliofungwa ndani ya jani. Hakusema kwa nini. "Imeota mingi, itaharibika," alisema, akaweka kikapu, akaenda zake. Bila shaka alikuwa ameelewa. Mwanamke aliyezaa mara sita haambiwi kwamba tumbo linamsumbua mtu.

Siku ya nane dada aliinama uani akiwa ameshika ufagio, na hakuinuka. Tulimkuta akiwa amejikunja, na damu juu ya nguo. Mama mkwe alimlaza, akamwinulia miguu juu ya furushi la nguo, akamtuma mtu msituni kumwita mume. Damu ilitoka siku mbili, kidogo kidogo, kisha ikasimama. Mume alifika, akakaa mlangoni akimenya fimbo kwa panga mpaka ikawa nyembamba kama sindano, akarudi kazini. Muda wote huo hakuna aliyesema mimba. Waliokuja kumpa pole walimpa pole ya tumbo.

Lakini ndani ya nyumba mama mkwe aliuliza swali moja, na aliliuliza tena na tena: "Nani ameona?"

Mimi nilikuwa nimekaa uani nikinoa kisu siku mjane alipopanda na kikapu chake. Mama mkwe alimsimamisha kwenye kizingiti cha ua.

"Weka pale pale, Mama. Usipite."

"Iko mugonjwa?"

"Tumbo tu."

"Basi umupikie hii, utie na mafuta ya mawese kidogo. Inaleta damu."

"Nani amekuambia anatafuta damu?"

Mjane aliweka kikapu chini. Nadhani wakati ule ule alitambua ameingia wapi. Mama mkwe alichukua kikapu, akamwaga majani njiani, samaki wakaanguka juu ya majani, kuku wakaja mbio. Akamrudishia kikapu kitupu kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Toka leo njia yako ipite kule chini."

Mjane alitazama kuku wakila. Kisha akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa mgeni, na mgeni hana upande.

"Kaka, na wewe uko hapa kila siku. Umeona nimefanya nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa chini ya kitanda cha dada yangu, ndani ya chupa ya kahawia.

"Mi sijue, Mama," nikasema, na nikaendelea kunoa kisu ambacho kilikuwa kimekwisha kuwa kikali.

Jioni dada aliniita kwa sauti ndogo. Alikuwa anataka dawa yake. Alisema imekatika siku nyingi, ndiyo maana nguvu zimemwisha. Alinyoosha mkono kuelekea chini ya kitanda. Nilimwambia angoje kesho. Hakubisha. Aliniamini, na alilala akiamini kwamba jirani aliyemletea mboga ndiye aliyetaka kumtoa mtoto wake.

Basi kesho yake nikachukua chupa na kuondoka. Nilijiambia kwamba nimemwokoa: bila chupa hataweza kunywa tena. Ni kweli. Lakini angeweza pia kuokolewa kwa maneno kumi, na maneno hayo sikuyasema. Nilichagua njia ambayo ingemfanya anione mwizi, kwa kuwa kuitwa mwizi kulikuwa kwepesi.

Nilishika njia ya Masisi, kisha ya Nyabiondo, kwa sababu ilikuwa inashuka. Siku ya pili migomba ilianza kupungua. Siku ya tatu njia iliingia chini ya miti mirefu, hewa ikawa nzito, na nikaanza kupishana na wabeba mafuta ya mawese wanaopanda kwenda kuuza milimani. Kwa kawaida ningewauliza kila kitu: mti huu unaitwaje, mto huu unakwenda wapi. Nilisalimia tu na kupita. Kwenye daraja moja la kamba za msituni nilitoa chupa ili niitupe. Nilisimama katikati, daraja likiyumba, maji yakipita chini yangu. Sikuweza. Nikiitupa, hapatakuwa na kitu chochote duniani kinachosema kilichotokea isipokuwa mimi, nami nilikuwa nimekwisha kuonyesha ninavyosema. Nikairudisha ndani ya mfuko.

Alasiri nilifika kijiji kimoja upande wa Walikale, nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya njia, mapaa ya majani. Niliuliza mahali pa kulala. Wakanionyesha nyumba ya mwisho: ya mama mzalishaji, yule anayewapokea watoto wa kijiji, kwa kuwa ana chumba cha ziada na wabeba mafuta hulala kwake.

Nilimkuta ameketi nje, mwanamke mfupi mwenye mvi, anachambua majani. Kando yake alikuwa mke wa mwanawe, mimba imemfika juu kabisa, ameiweka wazi mbele ya njia kama mtu anayeuza boga. Nilishangaa. Kwetu angekuwa ndani ya nyumba. Alikuwa analalamika juu ya nyama anazokatazwa mwenye mimba kwa desturi ya pale.

"Nguruwe wa msitu, hapana. Kanga wa msitu, hapana. Zote tamu, hapana. Muhogo, ndiyo. Mama, hii orodha walitunga wanaume."

"Walitunga wazee," alisema mama mkwe wake.

"Wazee wanaume. Wenye meno."

Walinikaribisha, wakanipa maji. Nilifungua mfuko nitoe muhogo wangu nisile chao bure, na chupa ikajitokeza. Yule mwenye mimba aliiona.

"Kaka, hiyo iko nini? Dawa?"

"Ya nguvu," nikasema, kabla sijafikiri.

"Basi nipe kidogo. Miguu yangu imekuwa ya muntu mwingine." Akanyoosha mkono, akicheka.

Ulikuwa mkono ule ule wa dada yangu, ulionyooshwa vile vile. Nilivuta mfuko kwa nguvu hata muhogo ukaanguka chini.

"Hapana. Usiiguse."

Mama mzalishaji aliweka majani pembeni, akaniomba chupa, akaifungua, akainusa. Alitia ncha ya kidole, akaonja, akatema.

"Nani amekunywa hii?"

Nikamwambia. Nilianza na nusu kijiko, akanirudisha nyuma. Nikaanza na dispansere. Nilimwambia juu ya mstari wa wanawake na mikono ya mganga iliyokamua hewa. Nilimwambia juu ya kuku na majani. Hakunikatiza ila mara moja.

"Muganga alikuambia kweli. Na ulimusikia."

"Nilimusikia."

"Damu imesimama?"

"Ilisimama kabla sijaondoka."

"Mutoto anaweza kubaki. Anaweza kutoka. Mimi sijue, na wewe hujue. Kuna zinazotoka bila chupa." Akafunga kizibo. "Huko mulimani, nani anajua iko chupa?"

"Mimi tu."

"Na sisi sasa. Lakini sisi hatutamusaidia yule wa mboga."

Yule mwenye mimba alikuwa ameacha kucheka. Alisema, kama anayezungumza na tumbo lake, "Amemwagiwa hata samaki."

Nyuma ya nyumba mbeba mafuta mmoja alikuwa anafunga mzigo wake. Angeondoka alfajiri kupanda Masisi, na soko la Muheto lilikuwa katika safari yake. Mama mzalishaji alimwita. Akamwomba mke wa mwanawe alete daftari la katekisimu, wakang'oa karatasi moja ya nyuma, iliyokuwa tupu. Nilikaa chini na kumwandikia dada. Niliandika polepole kwa kuwa mkono ulikuwa umesahau. Niliandika kwamba mganga alikataza na mimi nikampa. Kwamba nusu kijiko nilitunga mwenyewe. Kwamba aende kwa mganga yeye mwenyewe, amwambie wazi ana mimba, amwonyeshe chupa, aombe vidonge vyekundu, asipokee kitu kwa mkono wa mtu mwingine. Kwamba mjane hakufanya neno lolote ila kumletea mboga, na mboga zile ndizo zilizokuwa dawa. Mbeba mafuta angempa mke wa mwalimu pale sokoni, naye angemfikishia dada na kumsomea. Nilijua maana yake ni kwamba mimba itatajwa kwa sauti, mbele ya mtu wa nje, na kwamba ni mimi niliyelazimisha itajwe. Niliiandika hivyo hivyo.

Tulifunga karatasi kwenye shingo ya chupa kwa uzi wa ukindu. Mbeba mafuta aliitia kati ya madumu yake bila kuuliza swali.

Jibu lilikuja, lakini baada ya muda mrefu, kwa kinywa cha mbeba mafuta mwingine. Dada alikwenda kwa mganga. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, msichana, mdogo hata walimfunga ndani ya pamba, na aliishi. Mama mkwe alimpelekea mjane kikapu cha maharage. Mjane alipokea maharage, akashukuru, na hakupanda tena na lengalenga. Njia yake iliendelea kupita chini. Kwa dada nilirudi miaka mingi baadaye. Alinipikia, na hakunituma tena mahali popote.

Lakini jioni ile sikujua lolote kati ya hayo. Mama mzalishaji alinionyesha chumba: mkeka, mahindi yaliyoning'inizwa juu, dirisha dogo lisilo na mlango. Alisimama mlangoni na kuniuliza nitalala siku ngapi.

Nilikuwa nimezoea kujibu moja.

"Mpaka jibu likuye, Mama."

Alinipima kwa macho, kama anayeangalia kama nitaondoka alfajiri.

"Basi kuni ziko nyuma," alisema. "Shoka iko kwa mulango."